Re: Mama anaharisha baada ya kemo, vipi hii ya kupandikiza kinyesi?
Pole sana mkuu. Kwahiyo mama anaharisha siku ya nne tangu kemo (dawa za kansa) na unauliza kama awekewe bakteria wa utumbo kutoka kinyesi cha mtu mwenye afya njema. Kwanza mpime joto, likifika 38 au ukiona damu mkimbize hospitali, wapime na kinyesi kama kuna C. difficile, bakteria anayeharishisha vibaya. Mimi mgonjwa wangu nilikuwa nampa loperamaidi tu, dawa ya kuzuia kuharisha, kumbe maji yameisha mwilini, midomo inachanika, ORS kijiko kijiko ndo ilimrudisha. Hiyo ya kupandikiza Waitalia waliijaribu kwa wagonjwa 20 wa kansa ya figo, matokeo yakatoka 2020, ilisaidia, ila wale kuharisha kulitokana na vidonge vya kansa sio kemo ya dripu. Marekani nako 2019 ilitangazwa mgonjwa aliyepandikizwa kafa kwa bakteria sugu kwa dawa waliotoka kwa mchangiaji, kwahiyo nyumbani usithubutu.