Laini kwa jina la jirani

Swali lenu la wiki linauliza: ni nini kifanywe kwanza ili wakimbizi na wenyeji wao wafikiwe na simu na intaneti?

Wengi watajibu minara. Mimi ni wakala wa pesa kwa simu hapa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana Magharibi, Kenya, na jibu langu ni kitambulisho. Kambi hii ni ya mwaka 1992, na simu imeshazoeleka. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipoanza kutuma sehemu ya mgao kwa simu, ule mpango wa Bamba Chakula, hata vikongwe wasiojua kusoma walijifunza kununua unga kwa namba ya siri. Lakini laini zile ziligawiwa na mpango wenyewe, tena zilikuwa za chakula tu.

Akitaka laini yake ya kutuma na kupokea pesa, mkimbizi huulizwa kitambulisho. Asipokuwa nacho, na wapo wanaokingoja muda mrefu, huazima jina la mwenyeji. Kuna mama Mkongomani anayeuza vitenge jirani na kibanda changu. Laini yake ilisajiliwa na Mturkana, rafiki yake kabisa. Alipofungiwa kwa kukosea namba ya siri, akatakiwa aje mwenye jina. Mwenye jina alikuwa Oropoi na mbuzi zake, simu haishiki. Pesa za mauzo zikalala humo mpaka mvua iliponyesha na mifugo ikarudi.

Msimlaumu Mturkana. Namba ikitumika kutapeli, polisi humtafuta yeye, ndiyo maana wengine siku hizi wanakataa, au wanataka kitu kidogo kila mwezi. Isitoshe, wapo wazee wa hapa ambao nao hawana kitambulisho, wanatumia jina la mjukuu. Mjukuu akihamia Lodwar au Kitale, mzee naye yuko palepale alipo yule mama.

Kuna vijana wamefundishwa kazi za mtandaoni. Ni jambo jema, lakini malipo yakija yanaingia kwenye simu ya mtu mwingine, naye anakata chake. Mafunzo ya namna hiyo mimi nayaona nusu.

Uganda walilegeza. Mwaka 2019 wakimbizi waliruhusiwa kusajili laini kwa barua rasmi ya utambulisho wa familia, bila kungoja kadi. Sisi tunashindwa nini? Tuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na alama za vidole za watu hawa serikali inazo tangu siku walipoandikishwa.

Bei ya bando na umeme ni mzigo pia, sikatai. Huku kuchaji simu ni kwa kulipia. Wifi ya bure kwenye vituo vya mashirika inasaidia, ila muuza vitenge hawezi kuacha meza yake saa nne asubuhi akapange foleni huko.

Ombi langu ni meza moja siku za mgao: afisa wa wakimbizi, afisa wa usajili wa watu na mtu wa kampuni ya simu, wakae pamoja, wahudumie mkimbizi na Mturkana kwenye foleni moja. Anayetumia laini ya jirani aje na huyo jirani, wabadilishe jina papo hapo. Jenereta tutaleta sisi mawakala.

Wakala, Kakuma