Muulize Shangazi: Anaficha mkate chini ya mto
Shangazi shikamoo. Sisi tunaishi Ohio, juzi tumempokea binti wa miaka 4 kutoka kituo cha watoto Bujumbura, tumemuasili kisheria. Anaficha mkate chini ya mto na usiku anashuka kulala sakafuni. Nimkataze?

Marahaba mwanangu. Usimkataze! Kituoni chakula kina saa yake, bado anahofia kesho hakitakuwepo, we mwekee kikapu chake cha ndizi na biskuti akione muda wote, taratibu ataacha. Godoro lake weka chini karibu na nyie. Wageni wa kuja kumuona wasubiri (hata mama mkwe jamani), kumlisha na kumbeba iwe nyie wawili tu maana kashalelewa na mikono mingi. Na jifunzeni Kirundi kidogo, amazi ni maji, ngwino ni njoo.