Nilimchongea bwenini, akaja kumchimbia baba yangu kaburi

*Shangazi, shikamoo. Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha nne, kiranja wa bweni. Mwenzetu mmoja aliruka fensi usiku kwenda kibanda umiza kuangalia fainali ya Porto na Monaco, nami nikapeleka jina lake kwa mwalimu wa zamu. Akasimamishwa masomo, akarudi kufanya mtihani wa taifa tu, akapata divisheni ziro. Leo anauza dagaa Mwaloni, mimi nina kazi ya ofisini. Sijawahi kumwambia kuwa ni mimi. Miaka mitatu iliyopita tulimzika baba Sengerema. Alikuja, akashika sururu makaburini hadi mwisho. Tangu hapo namkwepa. Mwezi ujao darasa letu linakutana hapa Mwanza. Nimwombe radhi mbele ya wote?*
*Kiranja wa Zamani, Buhongwa*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza hiyo siri yako. Bweni la wavulana halina siri. Mnajua nani anakoroma, nani kaficha sukari kwenye tranka, nani alilia akisoma barua ya nyumbani. Mnoko ndiyo usiseme, hujulikana kabla uji wa asubuhi haujaiva. Siwezi kuapa, sikuwepo, lakini nadhani mwenzio anajua tangu siku ile anafunga godoro lake.

Sasa hebu yarudie yale mazishi. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado. Huyu mtu kaacha mzigo wake sokoni, kakaa foleni ya kivuko, kavuka, kavua shati, kachimba. Kama alikuwa anajua, basi alichimba huku anajua. Nahisi hicho ndicho kinachokukimbiza. Angekununia, ungepumua.

Mbele ya wote, hapana. Mtakuwa mmeshakula sato, wewe umeshika kipaza sauti, macho yote kwake, naye hana budi kucheka na kukukumbatia. Utakuwa umemtoa hadharani bila kumuuliza, kwa mara ya pili.

Nenda Mwaloni peke yako, kabla ya huo mkutano. Usiende alfajiri mzigo unaposhuka. Atakujibu "haina shida, kaka" ili amuwahi mteja. Subiri siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni, na watu wa dagaa wanapata muda wa kukaa kwenye benchi. Kaa naye. Mwambie: jina lako nililipeleka mimi. Usianze na "kama nilikukosea", wala usimsomee majukumu ya kiranja. Ni kweli adhabu hukuipanga wewe, na ulikuwa mtoto kama yeye. Lakini hayo akitaka atayasema yeye.

Kuna neno kwenye barua yako limenikera, nalisema. "Leo anauza dagaa." Umeliandika kama hukumu. Mwanangu, dagaa wa Mwanza wanafika hadi Kongo, na Kirumba hapo kuna watu wamesomesha watoto na kuinua nyumba kwa magunia hayo, wakati sisi wa ofisini tunakopeshana nauli kuanzia tarehe kumi na tano. Huenda hali yake ni ngumu, huenda anakuzidi. Hujui, maana kwa miaka mitatu unamkwepa. Muulize biashara inaendaje, kisha usikilize jibu.

Bahasha usipeleke. Pesa hapo itamfanya aone unanunua kitu. Akikasirika, mwache akasirike. Amengoja zaidi ya miaka ishirini, ana haki ya dakika kumi. Akisema alijua siku nyingi, usimuulize kwa nini alikuja msibani. Wengi hatujui kwa nini tunawaendea wale tuliolala nao bweni moja. Tunasikia kuna msiba, tunajikuta kwenye kivuko.

Ukiondoka nunua dagaa wake. Toa bei atakayotaja, na usiombe akuongezee.