Kostiki soda: tindikali, sumu, au kemikali babuzi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaotengeneza sabuni ya mawese hapa Ujiji, Kigoma. Tunataka kuandika tahadhari kwenye ndoo za kostiki soda. Wenzangu wengine wanataka tuandike "tindikali", wengine "sumu". Lipi ni sahihi?

Jibu: Marahaba, katibu.

"Tindikali" liacheni kabisa, kwa sababu kostiki soda ni alkali, na alkali ni kinyume cha tindikali. Kosa hilo ninaelewa linakotoka: mtu akiungua husema dawa ni kali, na sikio linaisikia "kali" ndani ya "tindikali". Hata "alkali" linaishia hivyo hivyo, ila hiyo si "kali" yetu. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na lilitaja majivu ya mimea ya ardhi ya chumvi. Kosa lenyewe si dogo, kwa kuwa anayeamini amemwagikiwa tindikali anaweza kukimbilia magadi ili aizimue, ilhali magadi nayo ni alkali, na kumbe alichohitaji ni maji mengi safi yanayotiririka, tena kwa dakika zisizopungua 15.

"Sumu" lina historia ya kuheshimiwa. Mwaka 1927 Marekani ilitunga sheria iliyoagiza neno hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye vifungashio vya majumbani vya tindikali na alkali kali, soda hii ikiwemo inapofikia asilimia 10. Aliyeipigania ni daktari Chevalier Jackson, aliyetibu watoto wengi waliomeza soda hiyo wakabaki na makovu yanayoziba umio. Hata hivyo, "sumu" humfanya msomaji afikirie kumeza tu, na mama anayekoroga ndoo, huku soda ikichemka yenyewe kwa kukutana na maji, anaweza kudhani kwamba maadamu haonji yuko salama, mpaka tone limrukie jichoni. Sheria nyingine ya Marekani, ya mwaka 1960, ilivipa vitu vinavyobabua neno "hatari", na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi bora.

Kwa maandishi rasmi, andikeni "kemikali babuzi". Kitenzi ni "kubabua", yaani kuunguza juu juu hadi ngozi ichubuke, na "babuzi" limezaliwa kwa njia ile ile iliyotupa "mnunuzi" kutoka "nunua" na "mteuzi" kutoka "teua". Neno "kemikali" nalo limo katika jina la Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Lakini ndoo si waraka. Si kila atakayeishika amewahi kukutana na "babuzi", kwa hiyo jina litanguliwe na kitenzi kinachoeleweka na wote. Mimi ningeandika: "HATARI! INAUNGUZA NGOZI NA MACHO. Kostiki soda, kemikali babuzi. Mimina soda kwenye maji, usimimine maji kwenye soda." Kwa wasiosoma, chini yake mchore ile alama ya kimataifa ya kimiminika kinachodondoka juu ya mkono na juu ya chuma, vyote viwili vikiliwa.