Jibu kwa mama wa mtoto mwenye usikivu hafifu anayeng'ata wenzake

Dada uliyeuliza kuhusu mwanao wa miaka mitano, ambaye anang'ata wenzake, anagaragara chini kila mnapotoka nyumbani na anavua shimesikio (kifaa cha kumsaidia kusikia) na kulitupa: mimi ni baba wa binti aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo akiwa bado mdogo sana, na sasa yuko sekondari. Umeandika kwamba bibi yake anashauri fimbo, na shangazi zake wanataka aachwe kwa kuwa ndivyo alivyojaliwa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekubaliana katika jambo lisilo kweli, yaani kwamba uziwi ndio unaomfanya mtoto awe mkorofi.

Kinachomtibua ni kukosa habari. Mtoto anayesikia, hata akiwa anacheza pembeni, huokota maneno ya wakubwa: kwamba kesho ni siku ya kliniki, kwamba mgeni atalala hapa, kwamba mdogo wake ana homa na ndiyo maana amebebwa kutwa nzima. Mwanao haokoti lolote katika hayo. Anachokiona ni mtu anayemshika mkono ghafla, anamvalisha viatu na kumtoa nje, naye hajui kama anapelekwa sokoni au anakwenda kudungwa sindano. Na kwa kuwa amewahi kudungwa, kila safari inamtisha. Sisi tulipiga picha kwa simu za mahali tulipokuwa tukienda mara kwa mara, yaani dukani, kanisani, kwa bibi na hospitalini, tukazichapisha na kuzibandika karibu na mlango. Kabla ya kutoka tulimwonyesha picha pamoja na ishara yake, na hata tulipokuwa tunakwenda hospitalini hatukumficha. Alilia, lakini alilia akijua analilia nini, na taratibu akaacha kuogopa safari nyingine zote.

Kuhusu kung'ata, chunguza kwanza kilichotokea kabla ya meno. Kiziwi humwita mwenzake kwa kumgusa, na mtoto wa umri huo hajui kupima nguvu. Anayeguswa hudhani amepigwa, naye hurudisha, kisha mkubwa hugeuka na kuliona pigo la mwisho tu. Mwalimu wa chekechea alikuwa akitulalamikia kwamba binti yetu anapiga watoto, kumbe alikuwa anawaita. Mfundishe kugusa bega polepole au kupunga mkono, na umpe ishara za kutumia pale anapotumia meno sasa: “zamu yangu”, “sitaki”, “nisaidie”, “bado”. Ukitaka, anza na hilo la “bado” na uache mengine yote kwanza, kwa maana bila hilo mtoto huona kila jambo analocheleweshewa kuwa amenyimwa kabisa.

Fimbo ya bibi haiwezi kufundisha hayo. Mtoto anaona uso uliokunjwa na anasikia maumivu, lakini hakuna aliyemwambia kwamba maumivu hayo yanatokana na kile alichofanya dakika chache zilizopita. Hata hivyo, ushauri wa shangazi ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa huruma hiyo huonekana kama upendo na hakuna anayeikemea. Sheria za nyumbani ziwe zilezile kwa watoto wote. Akimng'ata mwenzake, mwendee palepale, chuchumaa uso wenu ulingane, mwonyeshe alama ya meno na machozi ya mwenzake, mwambie kwa ishara kwamba imeuma, kisha mtoe kwenye mchezo kwa muda mfupi. Kumgombeza kutoka jikoni ni kujichosha bure. Na usishangae akifumba macho unapomkanya, maana watoto viziwi hukatisha mazungumzo namna hiyo. Msubiri afumbue, kisha umalizie.

Ukiona vurugu zinazidi usiku, angalia mwanga. Umeme ukikatika, wewe bado unaweza kuzungumza gizani, ila yeye hana tena njia ya kukuelewa wala kukuuliza. Taa ndogo ya betri karibu na kitanda ilitusaidia kuliko maonyo yote.

Shimesikio nalo lina sababu zake za kutupwa. Sikio la mtoto linakua, kwa hiyo kile kipande kinachoingia sikioni huanza kubana au kulegea, na kikilegea kifaa hupiga mluzi. Huenda pia sikio linatoa usaha. Mpeleke akaangaliwe kabla hujamlazimisha. Kama hakuna tatizo, anza kumvalisha wakati nyumba imetulia na mnafanya jambo analolipenda, kwa sababu kifaa hicho hukuza sauti ya sufuria na ya redio sawa na sauti yako, na kusikiliza kwa juhudi kutwa nzima humchosha hata mtu mzima. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji wa vifaa vya usikivu mwaka 2017, na wapo watakaokuambia ungoje upasuaji ndipo mambo yatulie. Usingoje; awe na kifaa chochote au asiwe nacho, anahitaji lugha sasa.

Umeuliza pia kama umpeleke shule ya bweni “akanyooshwe”. Shule za viziwi, kama ile ya Tabora iliyoanza mwaka 1963 au ya Buguruni, zina thamani kubwa kwa sababu mtoto huwakuta wenzake wanaozungumza lugha ya alama, na hiyo ndiyo sababu ya kumpeleka. Akienda bweni, mtembezeni hapo mapema, apewe picha zenu na kalenda ya kukata siku hadi likizo, asije akadhani ametupwa. Wakati huohuo ulizeni CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) mpate kiziwi mtu mzima wa kuwafundisha ishara nyumbani, la sivyo atarudi likizo akiwa na mengi ya kusimulia na asipate wa kumwelewa, na ugomvi utaanza upya. Ningeanza na bibi, kwa kuwa ndiye anayeshinda naye.