Kemikali hupimwaje kabla ya kuitwa sumu ya majini?

SWALI: Mhariri, kwenye mapipa ya kemikali kiwandani kwetu kuna mchoro wa samaki aliyekufa na mti mkavu, pamoja na onyo kwamba ni sumu kali sana kwa viumbe wa majini. Uamuzi huo hufikiwaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, wataalamu huwapima samaki kwa saa 96, dafnia, ambao ni viumbe wadogo wa majini wa jamii ya kamba, kwa saa 48, na mwani kwa saa 72, wakitafuta kiwango kinachoua samaki nusu, kulemaza dafnia nusu, au kupunguza ukuaji wa mwani kwa nusu. Kiwango hicho kisipozidi miligramu 1 kwa lita, onyo hilo huwekwa. Huchunguzwa pia kama kemikali huoza upesi au hujilimbikiza mwilini.

Kwa maoni yetu, majaribio mafupi peke yake hayatoshi. Tributilitini, iliyotiwa katika rangi za meli ili viumbe wasigande chini yake, iliwaotesha konokono jike wa baharini viungo vya kiume kwa nanogramu (sehemu ya milioni ya miligramu) chache tu kwa lita, kiasi kisichowaua. Baada ya chaza wa ghuba ya Arcachon kuharibika, Ufaransa ilipiga marufuku rangi hizo kwa boti ndogo mwaka 1982, ilhali mkataba wa kimataifa wa 2001 wa kuzipiga marufuku ulianza kutumika 2008.

Onyo la pipa halisemi ni kiasi gani kinafika mtoni. Kwa hiyo omba karatasi ya usalama ya kemikali hiyo, usome sehemu ya 12, inayoeleza athari kwa mazingira, kisha uulize maji machafu ya kiwanda yanaelekezwa wapi.