Wasomaji Wanauliza: Gari la Mfano Lisilotulia Mezani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kaka yangu aliyeko Marekani alinitumia kasha la kuunda gari la mfano, Dodge Charger ya mwaka 1969 katika kipimo cha 1:25. Nimefuata karatasi ya maelekezo hatua kwa hatua, lakini chasi inakataa kuingia kwenye bodi, gurudumu la mbele la kushoto linaelea juu ya meza, na boneti haifungi kwa sababu inagongana na chujio la hewa. Bampa za kromu nazo hubanduka kila nikizibandika. Je, nikwangue bodi kwa ndani na kulikata chujio, au nilitupe gari lote?

JIBU: Ndugu msomaji, usilitupe, na huo wembe uweke chini kwanza. Malalamiko yako manne mimi nayahesabu kuwa mawili, kwa maana hayo matatu ya mwanzo yanaelekea kuzaliwa na kosa moja, nalo ni chasi iliyopinda. Plastiki ya polistairini ikitolewa kwenye kalibu kabla haijapoa sawasawa hujikunja, na chasi, kwa kuwa ni bamba refu na jembamba, huathirika upesi. Iweke peke yake juu ya kioo bapa, kisha bonyeza pembe moja moja. Ikichezacheza kama kigoda chenye mguu mfupi, umempata mchawi wako. Usiidharau milimita 1, kwani katika kipimo hicho ni sawa na sentimita 2.5 za gari halisi. Injini iliyokaa juu ya chasi iliyobenuka hupanda nayo, chujio likaigonga boneti, na wewe ukadhani chujio ndilo refu. Ikiwa kasha lako ni la injini ya Hemi, ambayo kwenye gari halisi ilikuwa na ujazo wa lita 7 na vichwa vya silinda vipana mno, nafasi ni finyu tangu mwanzo.

Itumbukize chasi katika maji ya moto ambayo mkono hauyavumilii lakini hayajachemka, ikilegea ilaze juu ya kioo, ikandamize kwa vitabu, kisha imwagie maji baridi ikiwa hapo hapo. Huenda ukairudia mara mbili au tatu. Ikishanyooka, tanua kingo za chini za bodi kwa vidole na uiingize kwa mshazari, ncha moja kwanza. Kwa kuwa Charger halisi ilikuwa na inchi 117 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, rula yako isome takriban milimita 119.

Karatasi ya maelekezo nailaumu kidogo, maana humfanya mtu agundishe hatua ya kwanza bila kujua kitakachotokea katika hatua ya kumi. Mimi hushikiza injini, viti, chasi na bodi kwa tepu ya karatasi, nikafunga boneti, ndipo nikafungua gundi.

Kuhusu bampa, gundi ya modeli hushika kwa kuyeyusha plastiki, na kromu imekaa katikati kama ukuta. Ikwangue kwa ncha ya wembe mahali pa kugusana tu, pande zote mbili zibaki plastiki tupu. Usikimbilie supa gluu, hasa karibu na kile kioo cha nyuma kilichozama kati ya mabega mawili ya bodi, kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya vioo. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani.

Boneti ikiwa bado imeinuka baada ya hayo yote, hapo ndipo ulipige msasa chujio la hewa, kwa upande wa chini usioonekana, kidogo kidogo, ukilijaribisha kila mara.